Mapenzi ya Msemaji Mmoja

 

Majuzi nilipita kwa dada yangu kuwajulia hali. Sebuleni nikamkuta mpwa wangu, binti wa miaka 21, amejikunja kwenye kochi, simu mkononi, hedifoni masikioni. Nikapiga hodi, kimya. Nikakohoa, kimya. Nilipomgusa bega ndipo akashtuka, akazichomoa hedifoni, akacheka.

"Shikamoo mjomba! Nisamehe, nilikuwa na Joe."

"Marahaba. Joe ndiye mkwe wetu?"

"Mjomba nawe! Joe wa kwenye tamthilia. Ni muuaji." Kisha, bila hata kumeza mate, akaongeza: "Lakini anajua kupenda, jamani. Hapa mjini utampata wapi mwanaume anayekumbuka kila neno ulilomwambia?"

Nikavuta kiti. Muuaji anayejua kupenda! Nilitaka kumwona mtu huyo kwa macho yangu. Basi tangu siku ile nimeitazama tamthilia yote, misimu mitano, sehemu 50, na leo ndiyo mada yetu. Kama bado hujaitazama na hupendi kuharibiwa utamu, zima redio sasa, nitakuelewa. Ukibaki, tusilaumiane.

Tamthilia yenyewe inaitwa You, yaani Wewe. Chimbuko lake ni riwaya ya mwandishi Mmarekani Caroline Kepnes, iliyotoka mwaka 2014. Greg Berlanti na Sera Gamble wakaigeuza kuwa tamthilia, na Septemba 2018 ikaanza kuonyeshwa Marekani kwenye chaneli ya Lifetime. Huko ilipita kimyakimya, watazamaji wakawa wachache, chaneli ikaachana nayo. Mwishoni mwa Desemba mwaka uleule ikawekwa Netflix, na hapo moto ukawaka. Januari 2019 kampuni hiyo iliwaambia wanahisa wake kwamba inatarajia kaya zaidi ya milioni 40 ziwe zimeitazama ndani ya wiki nne za mwanzo. Msimu wa mwisho ulitoka Aprili 2025.

Hadithi inaanzia New York. Joe Goldberg, anayeigizwa na Penn Badgley, ni meneja wa duka la vitabu. Anaingia binti mmoja mwanafunzi wa uandishi, Guinevere Beck, ambaye kila mtu humwita Beck. Hata salamu hawajapeana, tayari sauti ya Joe imeanza kusikika, laini, ya karibu, kama mtu anayekunong'oneza kanisani. Anamsoma Beck jinsi msomaji anavyosoma ukurasa wa kwanza wa kitabu. Anatazama nguo zake, vidole vyake, anakoelekeza macho. Wakati wa kulipa, Beck anatoa kadi ya benki ilhali pochi yake ina pesa taslimu. Joe analichukua hilo na kulifasiri: anataka nilijue jina lake.

Ngoja kwanza, msikilizaji. Binti amenunua kitabu. Hilo tu ndilo lililotokea. Hayo mengine yote yametokea ndani ya fuvu la mwenye duka. Lakini kwa kuwa fuvu hilo ndilo tuliloalikwa kuingia, tunatoka dukani tukiamini kwamba kuna kitu kimeanza kati ya watu wawili.

Waliokulia kwenye vibanda umiza watanielewa upesi. Unazikumbuka zile filamu za Kihindi na za Kichina zilizotafsiriwa, ambapo mtu mmoja anasema juu ya waigizaji wote? Dar es Salaam tulikuwa na Lufufu. Nairobi kuna DJ Afro. Mtafsiri yule hakuwa akitafsiri tu. Alimpa huyu jina la utani, akamdhihaki yule, akatuambia nani wa kuhurumiwa na nani wa kuzomewa. Mtoto akichelewa kuingia, swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Stelingi nani?" Akishaonyeshwa stelingi, anatulia kwenye benchi, maana sheria anaijua: stelingi hafi, na lolote atakalofanya stelingi lina sababu yake. Akichoma kijiji, basi kijiji kilimkosea.

Tamthilia hii imemwekea muuaji sauti ya mtafsiri. Joe ndiye DJ wa filamu yake mwenyewe. Anasema juu ya watu wote, anawapa majina, anatuambia rafiki yupi wa Beck ni mnafiki na mpenzi yupi wa Beck hafai. Na kwa kuwa hatusikii sauti nyingine, tunampa ustelingi. Ile sheria ya kibanda umiza ikishaingia, imeingia.

Mimi kazi yangu ni sauti, kwa hiyo nina haki ya kuwaonya juu ya sauti. Mtu akizungumza nawe sikioni kwa dakika kumi bila kukatizwa, unaanza kumwamini, hata kama hujawahi kuuona uso wake. Akizungumza saa nzima, unaanza kumtetea.

Tazama ilivyotutetemesha akili. Beck anaishi nyumba ya chini yenye madirisha makubwa, na hana mapazia. Joe anasimama ng'ambo ya barabara, kofia imeshuka kwenye paji la uso, anatazama anavyokula, anavyobadili nguo, anavyolala. Siku moja anatumia hila ya gesi kuvuja ili apate kuingia ndani Beck akiwa hayupo. Sasa muulize mtu aliyeitazama, atakwambia nini? "Yule dada naye, kwa nini hakuweka pazia?" Dada yangu alisema hivyo. Fundi wangu wa simu alisema hivyo. Nami, aibu yangu, nilisema hivyo usiku wa kwanza. Mtu mzima amesimama gizani akitazama ndani ya nyumba ya watu, na sisi tumefungua kesi dhidi ya kitambaa!

Kisha kuna jambo la simu. Baada ya Joe kumwokoa Beck aliyeanguka kwenye reli za treni, simu ya Beck inabaki mikononi mwake. Beck ananunua nyingine, lakini ile ya zamani haikufungwa, na kila ujumbe anaotuma unaingia kwenye simu zote mbili. Kuanzia hapo Joe haendi kwenye miadi kama watu wengine, wakibahatisha. Anakwenda na majibu ya mtihani mfukoni. Anajua Beck ana huzuni kabla Beck hajasema, na anajua anachotaka kula. Mpwa wangu anaposema "anakumbuka kila neno ulilomwambia", kwa kweli Joe anakumbuka kila neno ambalo hukumwambia.

Usidhani hilo ni la New York pekee. Huku kwetu hakuna haja ya kadi ya benki ili ulijue jina la mtu. Andika namba yake kama unayetaka kumtumia pesa kwa simu, na jina lake kamili linajitokeza kwenye kioo kabla hujathibitisha. Huduma ile iliwekwa kwa nia njema, pesa isije ikapotea kwa mtu mwingine. Lakini dada aliyempa dereva wa bodaboda namba ili aelekezwe njia hakuwa amempa jina la baba na la babu. Na ile hila ya simu mbili? Wangapi wamelala, mwenzao akachukua simu akaunganisha WhatsApp yao na kompyuta, na kwa miezi sita akawa anasoma kila kitu akiwa ofisini? Wengine huita huo ni wivu wa mapenzi. Fungua simu yako leo, nenda kwenye orodha ya vifaa vilivyounganishwa, uone kama unavijua vyote.

Wazee wetu walikuwa na kizuizi kimoja ambacho naona thamani yake zaidi baada ya kumtazama Joe. Walikuwa na mshenga. Kijana akipenda, hakwenda mwenyewe kujibanza nyuma ya mwembe wa watu. Alimtuma mtu mzima mwenye ulimi. Kwa hiyo, kabla upendo haujafika kwa binti, ulilazimika kupita kwenye sikio la mtu wa tatu, na mtu huyo angeweza kusema, "Kijana, maneno haya mbona yananitia hofu?" Tena mshenga alikuwa na kazi ya pili tunayoisahau: kurudisha jibu. Wakisema posa imekataliwa, alirudi nayo, akaiweka mezani, mambo yakaisha. Kukataliwa kulikuwa na njia yake. Sisemi binti ndiye siku zote aliyejibu, mara nyingi walimjibia. Nasema tu kwamba mwanaume aliambiwa hapana na mtu aliyemheshimu, mbele ya watu, na aliirudisha mahari yake chini ya mto.

Joe hana mshenga. Au tuseme mshenga wake ni sisi. Ni sisi anaotumwagia moyo wake, usiku baada ya usiku, na sisi hatuwezi kwenda kwa Beck, wala hatuwezi kurudi na jibu. Tumekuwa washenga mabubu.

Niseme na jina la tamthilia, Wewe. Lugha yetu ina siri juu ya neno hilo. Chukua "ninakupenda". Mwalimu wa sarufi atakukatia vipande: ni ndiye mimi, na ni wakati, ku ndiye wewe, penda ndicho kitendo. Sasa litazame lilivyopangwa. Mimi nimesimama mlangoni. Kitendo kimeziba nyuma. Wewe uko katikati, silabi moja, umebanwa, huna pa kutokea. Hakuna ubaya, mamilioni ya watu husema ninakupenda kila siku na wanaoambiwa wako salama. Lakini lugha hiyohiyo imetupa mkia mdogo wa kuongeza, ana. Tunapendana. Ukishauweka mkia huo, huwezi tena kusema peke yako, lazima wawepo wawili, na kila mmoja ni mtenda.

Katika misimu mitano, vitendo vya Joe vyote vina ku ndani yake. Ninakutazama, ninakulinda, ninakujua, ninakusamehe. Sikumwona na ana hata moja iliyosimama. Na chini ya duka lake la vitabu kuna chumba cha vioo, kilichojengwa kutunzia vitabu vya zamani vya thamani, joto na unyevu vikidhibitiwa ili karatasi zisiharibike. Humo ndimo anamofungia watu. Joe mwenyewe alifungiwa humo utotoni na mzee aliyemlea. Unaweza kuonekana pande zote ukiwa ndani, na unatunzwa vizuri sana. Kila nikikiona chumba kile nakumbuka ile ku iliyobanwa katikati ya neno.

Wala waandishi si wajinga, wanajua wanachofanya. Katika sehemu ya nne ya msimu wa kwanza wanatufungulia dirisha kidogo. Joe amegundua kwamba Beck anawasiliana na mtu anayemwita Kapteni, na moja kwa moja amehitimisha kuwa ni bwana mwenye pesa. Anamfuata hadi nje ya mji. Kumbe Kapteni ni baba yake Beck, yule yule ambaye Beck alikuwa akisema amekufa. Na katika sehemu hiyo, kwa muda mfupi, tunasikia sauti ya Beck mwenyewe kutoka kichwani mwake. Ana aibu zake, ana hasira kwa baba, na anajidanganya vilevile kama sisi sote. Mimi nilishtuka. Nilikuwa nimemtazama kwa saa tatu nikidhani namjua, kumbe namjua Beck wa Joe. Kisha dirisha linafungwa, na DJ anarudi kazini.

Beck anauawa mwishoni mwa msimu wa kwanza, baada ya kugundua kisanduku ambacho Joe alikuwa amekificha juu ya dari ya maliwato, kimejaa vitu vya watu. Maandishi aliyoyaacha yanatoka kama kitabu, na mtu mwingine, mtaalamu wa saikolojia aliyekuwa akimtibu, ndiye anayebebeshwa kosa la kumuua. Usikisahau kitabu hicho, nitakirudia.

Msimu wa pili Joe yuko Los Angeles kwa jina la kuazima. Anampenda mwanamke aitwaye Love Quinn, na hapo waandishi wanampikia dawa yake mwenyewe. Love naye anaua kwa ajili ya mapenzi. Love naye alikuwa amemchunguza, akamjua, akamchagua, akampangia maisha. Amempenda Joe kama Joe anavyopenda. Unadhani Joe alifurahi? Alimtazama kwa kinyaa, kama mtu aliyekuta nywele kwenye pilau. Mara ya kwanza kuwekwa yeye kwenye nafasi ya ku, na alitaka kukimbia. Kama ningelazimika kuwaonyesha vijana tukio moja tu kutoka tamthilia yote, ningewaonyesha hilo.

Msimu wa tatu wa vitongoji vya California na wa nne wa London nitaipitia haraka, maana kuna mahali hadithi inazunguka kama mbuzi aliyefungwa kambani. Ila London kuna jambo moja. Joe, sasa akijiita profesa, anatumia nusu ya msimu kumsaka muuaji mwingine, mwandishi aitwaye Rhys, ambaye hukutana naye na kuzungumza naye. Hatimaye tunaambiwa kwamba Rhys anayezungumza naye hayupo, yumo kichwani mwake, na mauaji yale ni ya Joe. Yaani hata sisi wenye tiketi ya kukaa ndani ya fuvu lake tulikuwa tumedanganywa. DJ alikuwa ametafsiri filamu ambayo haikuwepo.

Basi turudi kwa watu wa nje ya kioo. Januari 2019, tamthilia ilipovuma, mabinti walijaa mtandaoni wakimsifia Joe. Mmoja alimwomba Badgley amteke. Mwigizaji akamjibu kwa maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya hapana, asante. Akaendelea kuwajibu wengine, akiwakumbusha kwamba mtu wanayemtamani ni muuaji. Hebu lifikirie hilo: mwigizaji, badala ya kufurahia sifa, anazunguka akiomba watu wasimpende mhusika wake. Lakini alikuwa na nini cha kushindana na sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa?

Wengine watasema, ni tamthilia tu, mnalalamikia kivuli. Nakubali nusu. Tamthilia haimfundishi mtu kuua. Lakini sikiliza maneno yetu ya mtaani. Kijana akimtaka binti, tunasema anamfukuzia. Akikataliwa akarudi, tunasema huyo ndiye mwanaume. Methali tunayo tayari: mvumilivu hula mbivu. Nzuri sana kwa embe, maana embe haliulizwi. Na upande wa pili tunayo maneno mengine, kunyemelea, kuvizia, kuandama, kumganda mtu kama ruba. Angalia, kitendo ni kilekile! Kufukuzia ni neno la anayefuata. Kuandamwa ni neno la anayefuatwa. Inategemea nani ameshika maikrofoni.

Sheria nazo zilichelewa kumsikia anayefuatwa. Julai 1989, mjini Los Angeles, mwigizaji kijana Rebecca Schaeffer alipigwa risasi mlangoni kwake. Aliyempiga alikuwa shabiki aliyemwandama kwa miaka kadhaa, aliyewahi kumwandikia barua. Anwani ya nyumba aliipata kwa kumlipa mpelelezi binafsi, naye mpelelezi akaitoa kwenye kumbukumbu za leseni za magari za serikali. Mwaka uliofuata California ikawa jimbo la kwanza Marekani kutunga sheria dhidi ya kumwandama mtu. Kabla ya hapo ungeweza kumweleza polisi kwamba kuna mtu anasimama nje ya nyumba yako kila usiku, naye angeuliza: "Amekufanya nini?" Kusimama barabarani si kosa. Kutuma maua si kosa. Ni lazima uyaweke pamoja yote, siku baada ya siku, ndipo uone umbo lake. Uingereza ilipata sheria ya kuzuia usumbufu mwaka 1997, na ikafika 2012 ndipo kuandama kukatajwa kuwa kosa kwa jina lake. Kenya, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Unyanyasaji wa Majumbani ya mwaka 2015 imekutaja kuandama miongoni mwa aina za unyanyasaji.

Na hapa nina ugomvi na tamthilia. Joe ni mgeni anayetokea kusikojulikana, msafi, msomaji, mpole kwa watoto wa jirani. Wanaochunguza mambo haya wanasema kitu kingine: mara nyingi anayeandama ni mtu unayemjua, na mara nyingi ni mpenzi wa zamani asiyekubali kuwa wa zamani. Septemba 2024 mkimbiaji wa Uganda, Rebecca Cheptegei, aliyekuwa ametoka tu kukimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, alimwagiwa petroli na kuchomwa nyumbani kwake nchini Kenya, akafariki siku chache baadaye hospitalini Eldoret. Aliyetajwa na familia na polisi hakuwa mgeni wa duka la vitabu. Alikuwa mwenzi wake wa zamani. Januari ya mwaka huohuo maelfu waliandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake. Hakuna aliyebeba bango la kulalamikia mapazia.

Kwa hiyo, msikilizaji unayeandamwa, mke kwa mume, maana wanaume nao huandamwa na huona haya kusema: sema hapana mara moja, wazi, kisha usiendelee kujibizana, kwa sababu hata matusi yako yeye huyahesabu kuwa mazungumzo. Usifute ujumbe, uutunze. Waambie watu, jirani, mwajiri, ndugu. Kama uko Tanzania, vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, nenda na ushahidi wako. Anayekwambia "anakupenda tu huyo" mwombe akae nawe dirishani usiku mmoja.

Nilisema nitakirudia kitabu cha Beck. Msimu wa tano Joe amerudi New York, ana mke tajiri na duka lake la vitabu. Anatokea mwanamke anayejiita Bronte. Tunadhani ni windo jipya, kumbe alimfahamu Beck akiwa mwanafunzi, Beck akimfundisha, na amekuja kutafuta ukweli. Karibu na mwisho anamshikia Joe bunduki. Ungetarajia amlazimishe akiri, apige magoti, alie. Anamlazimisha kufanya kazi ya uhariri. Maana kile kitabu cha Beck Joe alikuwa amekitia mkono, akaongeza maneno yake humo, na dunia ikayasoma kama ya Beck. Bronte anataka afute kila alichoongeza, mstari kwa mstari, mpaka yabaki maneno ya marehemu peke yake. Nilipoona hivyo nikajua waandishi walikuwa wakituongoza huko tangu siku ya kwanza. Joe anaishia gerezani, akiletewa barua na wanaompenda, na maneno yake ya mwisho anatugeukia sisi na kututwika lawama. Anayo sehemu ya ukweli, tapeli yule.

Nilipomaliza, nilirudi kwa dada yangu. Nikamweleza mpwa wangu haya yote, naye akanisikiliza kwa adabu. Kisha, kwa kuwa tulikuwa tumezoeana kwa hadithi ya Joe, nikamsimulia yangu.

Nilikuwa na miaka 19. Kulikuwa na binti aliyepanda basi kituo kimoja nami jioni. Nilimpenda. Kwa muhula mzima nilimsubiri pale, hata siku ambazo sikuwa na safari. Nilijua saa anayotoka, nilijua kitambaa chake cha kijani, nilijua huwa anakaa upande wa dirisha. Mvua ilininyeshea nikiwa nimeshika soda mbili, moja yake, mpaka zikapata joto mkononi. Wenzangu wa bweni waliniita komando. Siku moja hakuja. Kesho yake hakuja. Baadaye nilisikia kwamba alikuwa anatembea hadi kituo cha mbele, mwendo wa nusu saa, kwenye giza la magharibi. Kwa miaka mingi niliisimulia kama hadithi ya mapenzi yasiyo na bahati, na watu wakaniambia pole.

Mpwa wangu alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, taratibu, bila ukali wowote:

"Na yeye alisema nini, mjomba?"

Nikafungua mdomo nimjibu. Nikaitafuta sauti ya yule binti. Nilikuwa na mvua, nilikuwa na kitambaa, nilikuwa na soda. Neno lake hata moja sikuwa nalo.